Kilemba cha Fundi na Cheti cha Serikali

Katika mwambao wetu hapakuwa na mtu aliyejitangaza fundi kwa kinywa chake. Mzazi alimpeleka mtoto kwa mwashi, mtoto akaanza kwa kuchota maji na kukoroga chokaa, kisha akashikishwa timazi, na miaka ikapita kabla ya kukabidhiwa mwiko. Alipohitimu, mzazi alitoa kilemba, yaani ada ya heshima kwa fundi, na tangu siku hiyo jina la fundi likawa dhamana ya kazi ya yule kijana. Palikuwa na mapatano, muda, mtihani na mashahidi. Leo tunaambiwa na wasomi wetu kwamba mafunzo ya namna hii ni "yasiyo rasmi". Hii ni kasumba tu.

Tusieleweke vibaya. Hatupingi vyeti. Umeme uliofungwa ovyo huunguza nyumba, na mwananchi ana haki ya kujua anamkabidhi nani paa lake. Sheria ya mwaka 1994 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ilikuwa na maana. Mamlaka hiyo imekwisha kukubali kuupima ujuzi uliopatikana nje ya darasa: seremala au fundi magari aliyejifunza chini ya mwembe hupimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Hiyo ni hatua ya haki.

Lakini haitoshi kumgeuza mzee wa kazi kuwa mtahiniwa. Hapana budi awe pia mtahini.

Tutazame Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Ajabu, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafa. Majengo ya aina hii hayatengenezwi kwa saruji. Saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta, na chokaa laini iliyo nyuma yake huharibika. Mwashi mzee hulijua hilo kwa mkono, kama anavyojua chokaa iliyolala vya kutosha na ile ambayo bado. Kijana wa saruji ana cheti, mzee hana. Ni nani basi anayestahili kumpima mwenzake katika kazi hii?

Wapinzani wetu watasema kwamba mafundi wengi huficha ujuzi na kuwafanya vijana watumishi wa bure. Ni kweli, tena tumewaona: kijana anaosha spana miaka mitatu na hajafungua injini hata moja. (Nasi tuliopita huko hatujasahau.) Dawa yake ni mkataba: muda utajwe, posho itajwe, kazi atakazofundishwa ziandikwe kwa Kiswahili ambacho mzazi atakisoma mwenyewe, na mkaguzi afike karakana kama afikavyo shuleni. Fundi atakayeukiuka mkataba huo anyang'anywe haki ya kufundisha. Atakayeutimiza, sahihi yake iwekwe katika cheti cha kijana, kando ya ile ya Serikali.