Mali Ikishauzwa Hairudishwi? Kwa Amri ya Nani?

Jamani, leo nina hasira. Naiandika hapa kwa sababu njia nyingine iliyobaki ilikuwa kurudi Kariakoo kwa mara ya tatu, kugombana na kijana ambaye ana binamu zake wanne humo humo dukani, na mimi nina kilo 58 tu.

Kisa chenyewe ni flashi. Ndiyo, flashi, kale kadude ka kuning'iniza kwenye funguo. Nilinunua moja ya GB 64. Muuzaji akaniuliza lile swali ambalo kila mtu aliyewahi kutia mguu kwenye maduka yale analijua: "Kaka, unataka orijino au kopi?" Nikasema orijino. Kopi ilikuwa shilingi 15,000, orijino 35,000. Nikalipa 35,000. Akanyoosha mkono kwenye kasha lile lile, akatoa.

Sikuwa naweka sinema. Kwa miezi mitano nimekuwa nikienda Temeke kila Jumamosi kumrekodi mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini tangu miaka ya sitini. Baba yake alikuwamo kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1947, ule uliosimamisha bandari ya Dar es Salaam, na mzee anayakumbuka aliyosimuliwa utadhani alikuwapo. Nilikuwa na rekodi 31, kila moja saa nzima au zaidi kidogo. Diski ya kompyuta yangu ilikuwa imejaa hadi kooni, hivyo nikahamishia kila kitu kwenye flashi, nikaangalia majina 31 yote yapo, nikasafisha kinasa sauti. Wiki tatu baadaye nikaketi kuandika. Rekodi ya 1 mpaka ya 12 zinaimba vizuri. Ya 13, kimya. Ya 14, kimya. Zote kumi na tisa zilizobaki, kimya! Majina yapo, ukubwa wa faili unaonekana, ndani hamna kitu.

Najua mafundi mnaosoma mmeshaanza kutikisa vichwa: ungetunza nakala mbili, ungesikiliza kwanza kabla ya kufuta. Kweli kabisa, na nimeshajitukana vya kutosha. Lakini nakala ya pili ni kinga ya bahati mbaya. Hii haikuwa bahati mbaya.

Ngoja nieleze inavyofanyika, maana nimekuta hata watu wa IT hawajui. Chukua gesti yenye vyumba 8. Mwenyewe anabandika nje kibao: VYUMBA 64. Mapokezi kuna kitabu kikubwa cha wageni, kina mistari 64. Mgeni akija anaandikwa jina, anapewa namba, anaambiwa karibu. Mgeni wa 9 naye anaandikwa, anapewa namba, kisha anatolewa kwa mlango wa nyuma. Ukija kuuliza, kitabu kinasema wageni wote wapo. Kwenye flashi, mapokezi ni kile kisahani cha kuongoza memori: kimepangwa upya ili kiiambie kompyuta kwamba kina GB 64 wakati memori iliyomo ni GB 8. Kompyuta haina sababu ya kubisha. Orodha ya majina ya faili hukaa mwanzoni, kwenye sehemu iliyo salama, ndiyo maana unayaona yote. Flashi nyingine ni katili zaidi: humlaza mgeni wa 9 juu ya mgeni wa 1, ukapoteza vya zamani na vipya kwa pamoja.

Sasa angalieni jambo moja hapo. Kitu hicho hakiharibiki njiani, wala hakikuungua kwa umeme wa kukatika na kurudi. Kuna mtu alikaa chini, akaandika uongo ndani ya chombo, akakifungasha, akachapa namba kwenye pakiti. Kwa hiyo msiniletee ile hadithi ya "vitu vya Mchina". Mchina huyo huyo anatengeneza simu nzuri kuliko zote unazotamani. Anayeagiza mzigo ndiye anayechagua. (Zamani hata feki zilikuwa na haya kidogo. Redio iliandikwa Sonny au Panasoanic, ukisoma vizuri unajua umeingia cha kike. Siku hizi jina limeandikwa sawasawa, hologramu inang'aa, na namba ya siri ya kukwangua ipo.)

Nikarudi dukani. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi.

"Bosi, wakati unaichukua ilikuwa inasoma au haisomi?"

"Ilikuwa inasoma."

"Sasa?"

Akanyoosha kidole ukutani. Karatasi ya A4, imepigwa chapa na kuwekwa nailoni: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia nililipia orijino. Akasema na yeye kauziwa na watu wa jumla kama orijino. Nikauliza watu wa jumla ni nani. Akacheka, siyo kwa ubaya.

Ugomvi wangu leo ni na hiyo karatasi kuliko na hata hiyo flashi. Tumeizoea mpaka tunaiona kama amri ya serikali. Mtu mzima, ana digrii, anaonyeshwa kikaratasi alichokichapa muuzaji mwenyewe stesheneri ya jirani, anainamisha kichwa na kuondoka! Tanzania ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyochongwa kwa kufuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo basi kilingane na maelezo hayo. Imeandikwa GB 64, iwe GB 64. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Wenzetu Kenya wameliweka jambo hili mpaka kwenye Katiba yao ya 2010, Ibara ya 46: mlaji ana haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaostahili, na ya kufidiwa akipata hasara kwa ubovu wake. Katiba nzima, halafu mtu anakujibu kwa A4.

Mtasema, ungeenda kwenye Tume ya Ushindani. Na risiti gani? "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" tumeimbiwa sana tangu zije mashine za EFD mwaka 2010, na mimi mtoto mtiifu nilidai. Risiti ninayo. Ina neno moja la kuelezea bidhaa: VIFAA. Vifaa gani, aina gani, ukubwa gani? Hiyo risiti inamsaidia mkusanya kodi. Mimi hainisaidii kitu.

Na mara zote ukifika msako, anayelia ni mnunuzi. Mnakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki? Tuliambiwa tubonyeze *#06#, tuhakiki namba zetu za IMEI. Usiku wa tarehe 16 simu zikazimwa. Kenya walikuwa wamefanya hivyo hivyo mwisho wa Septemba 2012. Siipingi nia yake. Lakini yule mama muuza mboga aliyenunua simu dukani, mchana kweupe, kwenye duka lenye leseni ukutani, ndiye aliyeamka na kipande cha plastiki. Aliyemuuzia alibaki na hela yake na simu mpya za kumuuzia tena. Hata zinapoteketezwa bidhaa bandia mbele ya kamera za luninga, anayelindwa kwanza ni mwenye nembo. Shilingi 35,000 zangu hazimo kwenye ule moshi.

Jirani yangu mmoja, mtu wa benki, ananiambia tatizo ni sisi wenyewe, tunapenda vya bei chee. Nimemjibu na namjibu tena: mimi nilichukua ya bei ghali. Hilo swali la "orijino au kopi" linakufanya uamini kuna mlango wa watu makini na mlango wa mabahili, kumbe milango yote inaingia chumba kimoja. Tena muuzaji anayeuliza hivyo anakiri mbele yako, kwa sauti, kwamba anauza feki. Na sisi tunamjibu kana kwamba katuuliza chai ya rangi au ya maziwa.

Ukinunua, usiondoke bila kupima. Kwa Windows kuna kaprogramu ka bure kanaitwa H2testw, kalikotengenezwa na Wajerumani wa jarida la c't. Kanaijaza flashi yote kisha kanasoma kilichoandikwa na kukuambia ukweli. Kwa Linux na Mac ipo F3. Ukiona flashi ya GB 64 inaonyesha 59.6 kwenye Windows usimrukie mtu, hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu. Ubaya ni muda: flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde itakula karibu saa mbili kuijaza, bado kuisoma. Duka lingeweza kupima moja tu kutoka kila kasha na kujua mzigo mzima ulivyo. Halifanyi hivyo kwa sababu kujua kuna gharama, na karatasi ya ukutani haina gharama.

Jumamosi nilikwenda Temeke kumwomba mzee turudie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamimina kahawa. "Mjukuu wangu," akasema, "yale nilishayatoa. Hayatoki mara mbili vilevile." Tumekubaliana tuanzie mambo ya 1967 kuja huku. Ya baba yake kwenye mgomo yalikuwa kwenye rekodi ya 15 na 16.

Jana nikaenda kununua flashi nyingine, na kompyuta yangu begani. Duka la kwanza wakanifukuza. La pili wakasema nipime baada ya kulipa. La tatu, mtaa wa nyuma, mzee wa Kipemba akanionyesha benchi: "Kaa hapo mwanangu, pima mpaka uchoke." Nikapima. Mwaminifu, GB 64 kamili. Wakati naondoka akaniomba nimwekee ile programu kwenye kompyuta yake. Nimemwekea. Karatasi ya MALI IKISHAUZWA na kwake ipo, nyuma ya kalenda. Nilimwuliza, akasema aliikuta humo alipopanga.