Kabla ya Kuilaumu Seva

Na Hamisi Kilindo

Mfumo ukisumbua ofisini, lawama huiangukia seva. Anayebonyeza F12 na kufungua zana za wasanidi kwenye kivinjari anaweza kukuta ombi lilelile limechukua milisekunde 265, likarudiwa kwa 115, kisha likamalizika kwa muda usiofika hata 5, huku kumbukumbu za seva zikishikilia kwamba kila ilipofikiwa ilimaliza kazi kwa 40. Ni rahisi kudhani kuna anayedanganya. Hayupo. Kila upande umeanza kuhesabu mahali pake, na kwa sababu hiyo jumla peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani mpaka ipasuliwe vipande.

Tuseme seva iko London na mtumiaji yuko Dar es Salaam. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500, na mwanga ndani ya nyuzi hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 75, tena hapo tumeipendelea, maana mkongo wa baharini huzunguka. Ombi la kwanza huilipia safari hiyo mara tatu: kufungua muunganisho, kukubaliana usimbaji kwa TLS 1.3, kisha ombi lenyewe. TLS 1.2 ingedai safari moja zaidi. Jumlisha na 40 za seva, unapata 265, na hapo muda wa DNS kutafuta anwani ya seva haujahesabiwa. Ombi la pili hukuta njia iko wazi, likalipia safari moja tu. La tatu limejibiwa na akiba ya kivinjari, halikutoka nje ya kompyuta. Muda wote huo seva haijabadilika hata chembe.

Kipande kinachopotosha zaidi ni kile ambacho Chrome hukiita kusubiri jibu la seva. Jina hilo lina uonevu: katika mfano wetu, 75 kati ya 115 zinazoandikwa hapo ni za bahari. Kuna foleni pia. Kwa HTTP/1.1, Chrome hufungua miunganisho sita tu kwa kila seva, kwa hiyo ombi la saba linazeeka kabla halijaondoka, na muda huo nao unaingia kwenye jumla. Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi saa nzima hawezi kusema daktari amemtibu kwa saa nzima. HTTP/2, iliyotoka mwaka 2015, ilipitisha maombi mengi kwenye muunganisho mmoja. Ambaye hajahamia huko bado anabanwa na sita zake.

Nitaambiwa kwamba mtumiaji hana habari na vipande, anataka ukurasa ufunguke. Ni kweli, ila mtumiaji siye anayeidhinisha ununuzi. Kama 225 kati ya 265 ni umbali, seva yenye nguvu mara mbili haitazigusa. Kuisogeza Nairobi au Johannesburg kutazipunguza. Na kama kipande cha kusubiri kimefika sekunde tatu, mwenye seva asijifiche nyuma ya mkongo. Wengine wanapenda wastani. Wastani wa 265 na 115 ni 190, muda ambao hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeupata. Na msanidi anayepima akiwa amezima akiba, kwenye faiba ya ofisini, anapima hali ambayo mteja mwenye bando la simu haijui.

Ninachodai si kikubwa. Seva itangaze muda wake yenyewe kwa kichwa cha Server-Timing, ambacho kivinjari hukionyesha pamoja na vipande vingine, na malalamiko yaambatanishwe na faili la HAR lenye vipande vyote. Wapo watakaoliogopa faili hilo, na wana sababu: mwaka 2023 wavamizi waliingia kwenye mfumo wa huduma kwa wateja wa kampuni ya Okta, wakapata mafaili ya HAR yenye vitambulisho vya watu waliokuwa wameingia kwenye akaunti zao. Siku hizi Chrome huondoa vidakuzi kabla ya kulihifadhi, ingawa anayelituma bado anapaswa kulipitia kwa macho. Picha ya skrini yenye duara jekundu kwenye jumla, inayorushwa kwenye kundi la WhatsApp, haina hatari hiyo. Wala haina kitu ambacho fundi anaweza kukifanyia kazi.