Subaru Yako Inanguruma Fiti, Lakini Itapita Mtihani wa Moshi?

Wacha tuanze na swali rahisi. Ile mchuma yako ya turbo, ile ukipita nayo Thika Road usiku watoto wa Roysambu wanaamka, ikiwekwa kwa mashine ya kupima moshi leo asubuhi, itapita?

Usijibu haraka. Wengi wenu mnajua jibu, ndio maana mmenyamaza.

Hii stori ilipanda tena 2025, wakati NTSA ilileta mapendekezo ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari. Kitu kimoja ndani yake kilishtua wasee: gari ya kibinafsi yenye imepitisha miaka minne tangu itengenezwe iwe inakaguliwa kila mwaka. Sio matatu na malori peke yake, hata yako. Kulikuwa pia na mpango wa kupea vituo vya kibinafsi leseni ya kukagua. Wengi waliona ni njia ingine ya serikali kuingiza mkono mfukoni mwako.

Sasa piga hesabu. Kenya inaruhusu gari ya mtumba yenye haijapitisha miaka minane kuingia. Hiyo inamaanisha ndai nyingi za ex-Japan zinashuka pale Mombasa zikiwa tayari zimepita hiyo minne. Kwa hivyo hii si maneno ya mikebe ya zamani tu. Ni karibu kila gari unaona kwa parking ya ploti yenu.

Na usifikirie maneno ya moshi yameanza juzi. Kanuni za ubora wa hewa zilitoka 2014 chini ya sheria ya mazingira, na zinakataza gari kutoa moshi kupita kiwango. Katiba nayo, kifungu cha 42, inakupea haki ya mazingira safi. Sheria iko. Mwenye amekosekana ni mtu wa kuisimamia bila kuangalia sura yako na wallet yako.

Kwa nini Subaru ndio iko kwa moto

Tuseme uko na Impreza WRX ya 2004. Unaipenda, na unaelewa mbona. Hii ni nchi yenye Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza, Richard Burns akarudia 2000, na tangu WRC irudi Naivasha 2021, kila mwaka barabara ya kwenda huko inajaa rangi ya buluu na sauti ya boksa.

Lakini kumbuka kitu moja. Hiyo gari ya 2004 ikifa, huwezi agiza ingine kama hiyo kutoka Japan. Ile sheria ya miaka minane ilifunga huo mlango kitambo. Zenye ziko hapa ndizo hizo tu. Kwa hivyo mtihani wa moshi si karatasi tu kwako. Inaweza amua kama hiyo ndai itaendelea kutembea ama itaishia kuuzwa vipande vipande.

Mashine inanusa nini?

Mkaguzi anaingiza kifaa kwa bomba ya moshi na mashine inasoma gesi. Kwa gari ya petroli, mambo matatu ndio muhimu.

Ya kwanza ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inaua. Ikiwa juu, injini yako inakula mafuta mingi kuliko hewa inayopata.

Ya pili ni hidrokaboni. Hiyo ni petroli yenye haikuchomeka, yaani doo yako inatokea kwa bomba. Plagi zikichoka ama injini ikikosa kuwaka vizuri, hii inapanda mbio.

Ya tatu ni lambda, kipimo cha hewa na mafuta. Ikiwa 1, mambo iko sawa: karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli.

Angalia Uingereza, kwenye hizi hizi Subaru za zamani zinapimwa kila mwaka. Kipimo cha kawaida cha gari ya petroli ya enzi hiyo ni hivi: injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, kaboni monoksaidi isipite asilimia 0.3. Ikikanyagwa kidogo ipande revu, hidrokaboni zisipite 200 kwa kila milioni, na lambda ikae kati ya 0.97 na 1.03. Na bado wasee wa huko wanapita na magari ya miaka 20. Kwa hivyo usiniambie haiwezekani.

Nani alitoa "cat" yako?

Hapa ndio kisanga iko. Kati ya injini na mafla kuna kitu inaitwa katalitiki konvata, mafundi huiita "cat" tu. Ndani iko na matundu kama masega ya nyuki, imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Gesi chafu ikipita hapo ikiwa moto, inageuzwa kuwa kaboni dioksaidi, maji na nitrojeni. Bila hiyo kitu, hiyo mashine ya ukaguzi utaisikia tu ikikukatalia.

Shida ni kwamba hayo madini ni ghali. Unaenda gereji, fundi anakwambia, "Boss, hii inafunga pumzi ya injini, wacha tuitoe gari iwe nyepesi." Unafurahi. Anaweka bomba wazi, sauti inakuwa tamu, na wewe unalipa. Ile cat yenye imetoka inaenda wapi? Iko na mnunuzi. Yaani umelipa mtu akutolee kitu ya bei kwa gari yako, halafu akaenda kuiuza. Na kuna wale gari yao ilikuja ishatolewa kitambo, mwenye aliuza hakusema.

Ukitaka kujua leo, ingia chini ya gari na tochi. Bomba ikiwa nyembamba mwanzo mpaka mwisho bila mahali imevimba, ushajua.

Mods zenye zinakuangusha

Ile "pa-pa-pa" na moto kwa bomba ukiachilia mafuta? Hiyo ni petroli inalipukia kwa bomba badala ya ndani ya injini. Kompyuta ya gari imetuniwa hivyo makusudi. Kama bado ulikuwa na cat, hiyo michezo itaiyeyusha mbio.

Ile valvu ya blow-off yenye hulia "pshhh" ukibadilisha gia? Subaru nyingi hupima hewa kwa sensa ikiingia. Valvu ikimwaga nje hewa yenye ishapimwa, kompyuta bado inaleta mafuta ya hewa yenye haiko. Kwa huo muda injini inakula mafuta kupita kiasi. Ile valvu ya kiwanda hurudisha hewa ndani, na ndio maana haina kelele.

Halafu kuna rangi za moshi. Moshi mweusi: mafuta mingi. Buluu: inachoma oili, pengine ringi za pistoni ama sili za turbo zimechoka. Mweupe mzito wenye hauishi hata injini ikipata moto: maji yanaingia kwa injini, na kwa boksa kama EJ20 cheki gasketi ya kichwa kabla ya kitu kingine. Hiyo usipeleke kupimwa. Peleka kwa fundi kwanza.

Vile unapita bila kuhonga

Sasa form ndio hii.

Mwezi mmoja kabla, soma kompyuta ya gari. Taa ya injini ikiwa inawaka, tafuta mbona. Usiifiche na tepu ya dashibodi, mnajijua.

Badilisha plagi, filta ya hewa na oili. Plagi za boksa ziko pembeni na mafundi wengine huziogopa, lakini zisiporuhusu petroli kuwaka vizuri, utaanguka tu. Oili ya zamani nayo imebeba petroli, na mvuke wake unarudi kuchomwa kwa injini.

Safisha ile sensa ya hewa na dawa yake, sio petroli na kitambaa. Sensa ya oksijeni ikiwa imelala, ibadilishe, kwa sababu ndiyo huambia kompyuta kupunguza ama kuongeza mafuta.

Angalia bomba kama imetoboka. Ikivuja, hewa ya nje inaingia, lambda inasoma uongo. Hata mipira ya hewa yenye imepasuka karibu na turbo inafanya hivyo.

Rudisha cat. Kama ile ya kiwanda ni ghali, ziko za spoti zenye matundu mapana kidogo, ziachie turbo ipumue na bado zisafishe gesi. Utapoteza nguvu kidogo sana, pengine hata hutasikia. Na rudisha ramani ya kompyuta kwa ile ya kistaarabu.

Siku yenyewe, usifike na gari baridi. Cat huanza kazi vizuri ikikaribia nyuzi 300. Endesha dakika 20 kwa highway, fika, na usiizime ukingoje foleni saa nzima.

Lakini wacha pia tuulize serikali

Mpaka hapo nimekubamba wewe. Sasa wao.

Ukitoka stage ya Odeon ama Muthurwa saa kumi na mbili jioni, moshi wenye unakukohoza hautoki kwa Impreza za weekend. Unatoka kwa basi na malori za dizeli zenye zinapita hapo mara kumi kwa siku, na nyingi ziko na stika ya ukaguzi kwa kioo. Hiyo stika ilipatikanaje? Afrika Mashariki ilileta dizeli safi yenye salfa ya 50 kwa milioni tangu Januari 2015. Mafuta ilisafishwa, lakini injini zenye hazitunzwi bado zinatema masizi.

Ukaguzi ukiwa wa kutoa kitu kidogo, mwenye gari mbovu analipa na kupita, na wewe mwenye ulitumia ganji kurekebisha unaonekana mjinga. Na usifikirie wizi wa mtihani ni wa mtaa tu. Septemba 2015 Volkswagen walishikwa wakiwa wameweka programu yenye inajua gari inapimwa, inasafisha moshi, halafu ikirudi barabarani inachafua. Karibu magari milioni 11 duniani. Kama kampuni kubwa vile inaweza cheza mashine, kituo cha kibinafsi chenye kinataka wateja wengi kitashindwa?

Kwa hivyo ukipata nafasi ya kutoa maoni kuhusu hizi kanuni, usiende kusema tu "hatutaki". Itisha vitu vyenye vinaweza pimwa. Matokeo yatoke kwa mashine moja kwa moja mpaka kwa mfumo, mkaguzi asiweze kuandika namba na kalamu. Ukianguka, upewe karatasi inasema ni gesi gani na kwa kiasi gani, na siku za kurekebisha bila kulipa tena yote. Kituo chenye kinapitisha kila gari kipokonywe leseni. Na waanze na zile gari zinapita barabarani siku mzima, kabla hawajakuja kwa ploti yako.

Lakini hiyo haikutoi wewe kwa lawama. Yule mama mboga hapo kwa stage hawezi funga dirisha. Mtoi wake amekaa kwa kiti kidogo, pua yake iko urefu sawa na bomba yako. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu inachangia vifo vya mapema karibu milioni saba kila mwaka, na hao wawili hawakuulizwa kama wanapenda sauti ya boksa.

Weekend hii, kabla ya kuosha hiyo ndai, ingia chini na tochi uangalie kama cat iko. Ukipata haiko, ujue pa kuanzia. Halafu tuambie: ilitolewa na wewe, ama uliuziwa hivyo?