Kabla ya kununua saa janja, uliza inapima nini

Mwaka 2015 kampuni ya Apple ya Marekani iliingiza sokoni saa janja yake ya kwanza. Toleo moja lilikuwa la dhahabu ya karati 18, bei yake ikianzia dola 10,000 na kupanda hadi dola 17,000. Miezi kadhaa kabla ya hapo, saa hiyo ilikwisha kuonyeshwa katika duka la mitindo la Colette jijini Paris, na mwanamitindo Liu Wen aliivaa kwenye jalada la jarida la Vogue la China. Toleo la bei nafuu liliuzwa dola 349. Ndani, saa zote mbili zilikuwa na kipima mapigo ya moyo kilekile.

Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Hii ilikuwa dhahabu kweli, lakini dhahabu haipimi moyo. Mwaka 2016 toleo hilo liliondolewa sokoni, na mwaka 2018 programu mpya za kampuni hazikuingia tena kwenye saa zile za kwanza. Mkufu wa bibi hurithiwa na mjukuu. Saa ile ilipitwa na wakati katika kipindi cha miaka mitatu hivi.

Hatuna ugomvi na mtu anayependa kupendeza. Tunachohofia ni kwamba kifaa kikiuzwa kama pambo, mnunuzi huuliza rangi, mkanda na nani mwingine anacho. Swali la mgonjwa, yaani kipimo hiki ni sahihi kiasi gani, haliulizwi kabisa.

Na biashara hiyo haikuishia Paris. Leo katika maduka ya simu na matangazo ya mitandaoni kwetu, zinauzwa saa za kung'aa kwa bei ya jozi ya viatu, zikidaiwa kupima presha, oksijeni na hata sukari. Hapa kwenye sukari ndipo penye hatari kubwa.

Saa nyingi humulika mwanga kwenye ngozi na kusoma jinsi damu inavyopita. Kwa kuhesabu mapigo ya moyo, njia hiyo inafaa. Kwa sukari, hali ni tofauti. Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Sukari hupimwa kwa tone la damu, au kwa kifaa maalumu chenye kihisi chembamba kinachokaa chini ya ngozi. Mgonjwa anayechoma insulini kwa kufuata namba ya saa anaweza kuzidisha dozi, sukari ikashuka ghafla, akazimia na hata kufa.

Tuseme haki: zipo saa zenye manufaa ya kweli. Mwaka 2018 FDA iliruhusu saa ya Apple kurekodi umeme wa moyo, na inaweza kumshtua mtu ambaye mapigo yake hayana mpangilio. Lakini huduma hiyo haikukusudiwa walio chini ya miaka 22, na haiwezi kutambua shambulio la moyo. Kifua kikibana, usitazame mkono. Nenda hospitali.

Nawe mzazi, usimvishe mtoto mchanga saa ya mtu mzima ukadhani inamlinda. Mtoto akikohoa au akipumua kwa shida, saa ya kawaida yenye mshale wa sekunde inakutosha. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka 5 akifikisha 40 au zaidi, huenda ana nimonia. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji: kifaa hiki kimesajiliwa kama kifaa tiba, au ni urembo tu? Hapa Tanzania, vifaa tiba vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Muuzaji akianza kukuonyesha rangi, umeshapata jibu.

Mwenye presha atafaidika zaidi na mashine yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko. Mwenye kisukari anahitaji kwanza vijiti vya kupimia vya kumtosha mwezi mzima. Vikishapatikana hivyo na fedha ikabaki, saa nunua, uivae, upendeze. Ila dozi yako usiibadilishe mpaka uzungumze na daktari.