Zawadi ya Harusi Isiyo na Jina la Mtungaji

Zaidi ya mara moja sisi walimu wa Kiswahili tumerudi kutoka harusini hapa Kampala tumebeba, pamoja na kipande cha keki, sidii iliyonakiliwa nyumbani. Juu yake pana picha ya maarusi na tarehe ya ndoa. Ndani mna nyimbo 15, nyingi zikiwa za taarabu. Jina la mtungaji hata mmoja halimo. Siku hizi, sidii zikiwa zimeadimika, huwa ni flashi. Kosa ni lile lile. Nasi tukashukuru, tukaenda kuzipiga majumbani.

Watetezi wa zawadi hizi hutuambia kwamba si biashara, kwani hakuna aliyelipa hata shilingi. Hoja hiyo twaikataa. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 humruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake binafsi tu. Waalikwa 300 si nafsi moja, hata wangekuwa wote ni wajomba na mashangazi! Tena haki hiyo haizikwi na mtungaji: hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake.

Lakini fedha silo jambo linalotuuma zaidi. Sheria hiyo hiyo yampa mtungaji haki ya kutajwa jina kazi yake inapotumiwa, na hapo mwalimu wa Kiswahili hana pa kujificha. Asubuhi twamnyima alama mwanafunzi aliyenakili ubeti wa mwenziwe, na kumweleza kwa nini washairi wa kale walitia majina yao katika beti za mwisho. Jioni twapokea ushairi usio na mwenyewe. Maana taarabu ni ushairi: yuko mtu aliyekesha akitafuta vina, na mara nyingi siye yule mwimbaji ambaye sauti yake twaijua sote.

Wako watakaosema twaihusudu furaha ya watu. La hasha. Maarusi na wamwombe ruhusa mwenye kazi, wamlipe haki yake. Au, na hili ndilo tulipendalo, wamtafute shangazi ajuaye kutunga, kwani koo nyingi hazimkosi, awatungie beti za harusi yao wenyewe, anaswe sauti akiziimba. Zawadi ya namna hiyo tutaipokea kwa mikono miwili, mradi jina la shangazi liandikwe jaladani.