Kikombe cha Maji kwa Uso wa Mtoto

"Maji ya kunywa tu ni shida, ya kunawia uso yatatoka wapi?" Kina mama wa Kongwa wamesema hivyo miaka mingi, nasi hatuwalaumu. Anayefuata maji kisimani tangu alfajiri ana haki ya kuuliza kama kunawa kunafaa kitu.

Swali hilo lilipimwa kwao wenyewe. Matokeo yalitolewa mwaka 1995. Watoto wa mwaka 1 hadi 7 katika vijiji sita walipewa dawa ya kupaka machoni, tetrasaiklini, kwa siku 30. Vijiji vitatu, vilivyochaguliwa kwa kura, vilihimizwa pia kuwanawisha watoto nyuso, zisikae na tongotongo, kamasi wala nzi. Baada ya mwaka mmoja trakoma kali, ile ambayo ikirudiarudia hukunja kope zikakwaruza jicho mpaka likapofuka, ilikuwa imepungua zaidi katika vijiji hivyo. Kwa trakoma yote kwa jumla tofauti ilikuwa ndogo, isiweze kutenganishwa na bahati tu.

Tunapenda watafiti walivyosema yote mawili. Sisi wa semina za afya huwa tunataja lile zuri tu, halafu mama akiona mtoto bado ana macho mekundu anatuona waongo.

Lakini kupungua kwa trakoma kali si jambo dogo, na uso wa mtoto hautaki ndoo; kikombe kinatosha. Basi tunawauliza akina baba wenye baiskeli: madumu yale ya kupikia pombe hupatikanaje kila wiki?