Pointi, kredi na safari: vijana wetu wachague masomo namna gani?

Tangu vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, wazazi wengi katika makanisa yetu wanauliza swali moja. Mtoto alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Sasa yuko Butembo, Bunia, Bujumbura au Kampala. Je, masomo yake yatahesabiwa, au ataanza upya? Kwa familia iliyouza ng'ombe au shamba ili kulipa minervali, jibu la swali hilo linaweza kuamua kama mdogo wake naye atasoma.

Ili kujibu, tuelewe kwanza kilichobadilika. Wengi wetu tulisoma katika mpango wa zamani: miaka mitatu ya graduat, miwili ya licence. Mwanafunzi alihesabiwa kwa asilimia ya mwaka mzima. Sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 ilifungua mlango wa LMD, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia humo. Sasa mwaka mmoja ni kredi 60, na licence ya miaka mitatu ni kredi 180. Kozi uliyofaulu inabaki yako, hata kama nyingine imekushinda. Ndiyo maana kredi zinaweza kusafiri pamoja na mwanafunzi.

Lakini kusafiri si kupokelewa. Chuo kinachompokea mwanafunzi hakiangalii jumla ya kredi peke yake. Kinalinganisha kozi kwa kozi: ilifundishwa nini, kwa saa ngapi, na mwanafunzi alipata ngapi juu ya 20. Kozi isiyofanana na yoyote ya kwao inaweza kuachwa kando. Kozi iliyopita kwa 10 tu inaweza kutiliwa mashaka mahali nafasi ni chache.

Hapo ndipo uchaguzi wa masomo unakuwa jambo zito. Kwetu kijana hachagui sana kozi moja moja. Anachagua fakulte na filière, kisha kozi chache za hiari. Tunaona makosa mawili. Kosa la kwanza ni kukimbilia filière inayosemwa kuwa nyepesi, ili kupata distinction. Pointi zinapendeza, lakini kama filière hiyo haiko katika vyuo vingine vya karibu, siku ya kuhama hakuna wa kuzilinganisha. Kosa la pili ni kinyume chake: kupeleka mtoto katika udaktari au sheria kwa sababu ya jina, wakati buletini zake za sekondari zinaonyesha uwezo mwingine. Anabeba kozi za mwaka wa kwanza mpaka wa tatu, na releve yake inakuwa nzito kwa mapungufu.

Njia ya hekima iko katikati. Kijana achague eneo analoweza kufanya vizuri, na ndani yake aweke nguvu kwanza kwenye kozi za msingi, zile zinazopatikana kila mahali: hesabu na takwimu kwa uchumi, kemia na biolojia kwa afya na kilimo, lugha za Biblia kwa teolojia. Kozi za hiari zifuate. Kiingereza kisidharauliwe. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na vyuo vya Uganda, Rwanda na Tanzania vinafundisha kwa Kiingereza. Burundi inatumia Kifaransa na mpango unaofanana na wetu, kwa hiyo kwa wengine njia hiyo ni rahisi zaidi.

Kabla ya kulipa hata senti moja, mzazi aulize kama chuo kimekubaliwa na wizara ya ESU. Kredi za chuo kisichotambuliwa hazivuki hata mtaa. Na kila mwisho wa mwaka, mwanafunzi achukue releve yenye sahihi na muhuri, pamoja na maelezo ya kila kozi. Apige picha na kuzituma kwa ndugu aliye mbali. Asingoje siku ya kukimbia, kwa maana siku hiyo ofisi zimefungwa.

Kuna jambo linalotuhuzunisha: pointi zinazonunuliwa. Mithali 11:1 inatuambia Mungu anavyoiona mizani ya udanganyifu, na releve ya uongo ni mizani kama hiyo. Anayenunua 16 katika kozi ambayo hakuijua ataaibika chuo kipya kitakapompa mtihani. Tena anawaharibia wenzake, maana chuo kikijulikana kwa pointi za kuuza, hata aliyekesha akisoma haaminiwi.

Kanisa lifanye nini? Katika kila parokia wako walimu, wauguzi na watu wa sheria waliopita njia hii. Idara ya vijana iwaite mara moja kwa mwaka, kabla ya Examen d'État, wakae na watoto wa darasa la sita pamoja na wazazi wao. Na parokia zinazopokea wahamiaji wa vita ziwasindikize wanafunzi mpaka mlangoni pa chuo. Mara nyingi kijana mgeni hajui aanzie ofisi gani.

Katika Luka 14 Yesu anasema juu ya mtu anayekaa chini na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Hatujui vita vitaisha lini. Tunajua kwamba msingi uliowekwa vizuri unaweza kuendelezwa na fundi mwingine, katika mji mwingine. Tuwasaidie watoto wetu kuuweka hivyo.